Hakuna Aliyepinga

Hollis Garrity alikuwa ameshamhukumu mtu wake kabla Inspekta Verna Tackett hajavuta kiti.

"Ni Pennock," alisema. "Sina jina jingine la kukupa, Inspekta. Kamati ilipoupitisha muswada, kifungu kilikuwemo. Muswada ulipotoka ukumbini, kifungu hakimo. Hapo katikati karatasi zimepita mikononi mwa mtu mmoja tu."

Garrity alikuwa mkuu wa makarani, mtu wa tai nyembamba na sauti laini kama ya kwenye simu. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi za Kapitoli, jengo la Bunge, haina dirisha, na kila kengele ya kuwaita maseneta ilipolia huko juu, kikombe chake kilitetemeka juu ya sahani.

Kesi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Kulikuwa na Muswada wa Mageuzi ya Bajeti ya Shirikisho. Kwa miaka mingi bajeti ilikuwa ikichelewa, serikali inafungwa, watumishi wanakaa nyumbani bila mshahara, halafu waheshimiwa wanalaumiana kwenye televisheni. Muswada ulitaka bajeti ipangwe kwa miaka miwili miwili, na isipopita kwa wakati, ofisi za serikali ziendelee kufanya kazi kama zilivyo. Juu ya hayo Seneta Corinne Abeyta wa New Mexico alipachika Kifungu cha Kumi na Moja: bajeti ikichelewa, wabunge wenyewe wasilipwe hata senti mpaka ipite. Wananchi walikipenda kifungu hicho kuliko muswada wote. Kamati ikaupitisha mbele ya kamera, kila mjumbe akitabasamu kama bwana harusi.

Seneti nayo ikaupitisha. Ukavuka kwenda Baraza la Wawakilishi, ukapita huko pia, na Ijumaa ulikuwa uwekwe mezani kwa Rais ausaini. Ndipo mwandishi mmoja wa gazeti la Albuquerque alipoufungua, akakuta kifungu cha kumi na moja kinazungumzia uchapaji wa majedwali. Suala la mishahara halikuwepo mahali popote. Abeyta akasimama mbele ya vipaza sauti akasema kifungu chake kimeibwa. Siku hiyo hiyo Garrity akamrudisha nyumbani Orville Pennock, karani wa kunakili miswada, na kesho asubuhi Pennock alikuwa asimame mbele ya kikao cha nidhamu. Akipatikana na hatia angepoteza kazi na pensheni, na baada ya hapo mahakama ingemsubiri.

"Na Jumapili kabla muswada haujapita Seneti, aliingia humu," Garrity aliongeza. "Siku ya mapumziko. Kadi yake ya mlango imesema."

"Kadi imesema aliingia kufanya nini?"

"Hilo ndilo unalolipwa kulijua wewe."

Tackett aliinuka. Mwezi Oktoba alikuwa amemzika mumewe Jumamosi na kurudi kazini Jumatatu, na tangu hapo hakuwa na hasira wala hamu ya chochote. Wenzake walidhani ni ujasiri, kumbe ilikuwa ganzi. Kazi aliifanya vilevile, na pengine vizuri zaidi.

Chumba cha kamera kilikuwa upande wa pili wa korido. Fundi wake, Dwayne Kopecky, alikuwa na mwili mkubwa na mdomo usiotulia. Alitafuta picha za Jumapili huku akitafuna karanga.

"Huyo hapo mwizi wako," alisema.

Kwenye kioo Pennock aliingia ofisini amevaa raba za kitambaa zilizolowa theluji. Kabla karanga hazijaisha mkononi mwa Kopecky, akatoka amevaa mabuti makubwa ya manyoya, raba zikining'inia kidoleni.

"Alifuata mabuti," alisema Tackett.

"Mtu wa kuiba sheria ya nchi hasahau mabuti kazini," alisema Kopecky. "Unataka na ya ukumbini? Kule nako tunarekodi kila kitu. Hakuna anayetazama, ila tunarekodi."

Tackett hakuwa amefikiria hilo. Alivuta kiti.

Siku ambayo muswada ulipita, ukumbi wa Seneti ulikuwa na watu wawili. Mmoja aliketi kiti cha juu cha kuongozea kikao, akisaini kadi za salamu. Wa pili alikuwa Seneta Lowell Stavenhagen, mwenyekiti wa kamati, amesimama kati ya madawati matupu na kadi ndogo mkononi. Alisoma haraka haraka, kama mtu anayetaja namba ya simu. Aliomba, kwa ridhaa ya wote, marekebisho yaliyo mezani yakubaliwe, usomaji wake uachwe, muswada kama ulivyorekebishwa upitishwe. Wa kwenye kiti, bila kuinua macho, akasema: "Hakuna aliyepinga. Imeamuliwa hivyo."

"Rudisha," alisema Tackett.

Kopecky alirudisha. "Hivyo ndivyo sheria inavyozaliwa, dada. Mkunga mmoja, na mwenye nyumba anaandika kadi za Krismasi."

"Marekebisho yaliyo mezani. Marekebisho gani?"

"Mimi nauza picha tu. Maneno muulize Garrity."

Garrity hakupenda kumwona tena. Alieleza huku akipanga kalamu zake. Marekebisho hayo yalikuwa muswada mzima ulioandikwa upya, bunda nene, ili uchukue nafasi ya ule wa kamati. Lilikuwa jambo la kawaida. Yalikuwa ya kunyoosha herufi na kurekebisha tarehe.

"Uliyasoma?"

"Hakuna aliyeyasoma. Usomaji uliachwa. Umesikia mwenyewe."

"Kwa hiyo unajuaje kuwa ni herufi na tarehe?"

Garrity alihamisha kalamu moja kutoka kushoto kwenda kulia. "Ndivyo yanavyokuwa siku zote."

"Bunda lilitoka wapi?"

"Ofisi ya kamati. Likapita kwa Pennock kunakiliwa, likaenda ukumbini. Watu wa kamati wanasema walilituma likiwa zima."

Tackett aliomba bunda lenyewe, akaketi nalo. Kilichomvutia si kifungu kilichokosekana, maana hicho alijua hakimo. Aliangalia pale kilipokuwa. Mtu akichomoa ukurasa huacha pengo. Hapa palikuwa pamefumwa. Namba zilisogea, sawa, kompyuta hujipangia namba zenyewe. Lakini mbali huko mwishoni palikuwa na sentensi iliyosema, katika muswada wa kamati, kwamba Katibu wa Seneti ataandaa utaratibu wa kusimamisha mishahara. Katika bunda hili sentensi hiyo ilikuwa imeondolewa, na aya iliyofuata ilikuwa imepewa mwanzo mpya ili isianze kwa ghafla. Aliyefanya hivyo aliujua muswada wote, na hakuwa na wasiwasi wa kukamatwa.

Alimwonyesha Garrity.

"Pennock ana miaka thelathini ya kufuma," alisema Garrity. "Huyo ndiye fundi wenyewe."

"Na kwa nini fundi wako awatetee waheshimiwa mishahara yao?"

"Alilipwa."

"Na nani?"

"Inspekta, kikao ni kesho. Sisi tunahitaji jibu. Si lazima liwe zuri."

Angalau hapo alisema kweli, na Tackett alimshukuru moyoni kwa kumwokolea muda. Alibaki na swali moja. Ridhaa ya wote maana yake seneta mmoja tu akitamka kwamba anapinga, mchezo umekwisha, muswada unabaki ulipo. Abeyta alikuwa wapi?

Chumba cha makoti hakina makoti. Kipo nyuma ya ukumbi, kina makochi ya ngozi yaliyobonyea kwa migongo ya maseneta, vibanda vya simu, na bakuli la peremende. Mtawala wake alikuwa Wilbert Sykes, mzee mweusi mtanashati wa Baltimore, ambaye kila seneta aliyekuwemo alimkuta kazini.

"Kaa, binti yangu," alisema Sykes. "Chukua peremende. Sura yako ni ya mtu ambaye hajala."

"Nimekula. Mzee Sykes, kabla muswada haujapitishwa kwa ridhaa ya wote, mnazijulisha vipi ofisi?"

"Simu moja, inalia ofisi zote kwa pamoja. Sauti yangu imerekodiwa. Nasema: tunakusudia kupitisha hiki na hiki, na marekebisho haya na haya. Mwenye pingamizi apige kabla ya jioni. Asiyepiga, amekubali."

"Siku ile nani alipiga?"

"Hakuna."

"Maseneta wote mia?"

"Kunyamaza ni kukubali. Ndoa nyingi zimefungwa hivyo hivyo, na nyingine zimedumu."

Tackett alizungusha peremende ndani ya karatasi yake. "Na marekebisho yenyewe? Ofisi ziliyapata?"

"Kila moja ilipelekewa. Kuyafungua ni hiari ya mtu."

Mle chumbani mlikuwa na seneta mmoja tu, aliyelala na viatu juu ya kochi. Sykes alimtazama, kisha akashusha sauti.

"Muswada ule ulikuwa na zuio," alisema.

"Zuio la nani?"

"Hapo ndipo ninapokuwa bubu. Seneta akitaka muswada usiende bila yeye, ananinong'oneza mimi, mimi nauzuia. Jina halitoki humu. Ningekuwa mtu wa kutoa majina ningekuwa nauza magari Baltimore."

"Kesho wanamfukuza Orville Pennock."

Sykes alichukua kitambaa akafuta bakuli ambalo halikuwa na vumbi.

"Orville hana ubaya na mtu," alisema. "Jina sikupi. Lakini fikiri tu. Anayeweka zuio ni mwenye kitu cha kulinda. Na aliyeliweka ndiye peke yake anayeweza kuniambia niliondoe. Si msaidizi wake, si mwenyekiti, si Rais."

"Katika muswada ule mtu mwenye kitu cha kulinda alikuwa mmoja tu."

"Hayo umeyasema wewe."

"Zuio liliondolewa lini?"

"Asubuhi ya siku ile ile. Alikuja kwa miguu yake. Akakaa pale ulipokaa, akaomba maji, hakuyanywa. Akasema, Wilbert, liondoe. Macho yalikuwa mekundu."

"Alikuwa amelia?"

"Mafua, labda. Ni msimu wake."

"Utayasema haya kesho, Mzee Sykes?"

"Nitasema nini?" aliuliza Sykes, na uso wake ulikuwa umeshafungwa kama duka.

Seneta Abeyta alikuwa akila chakula cha mchana peke yake katika mkahawa wa maseneta, bakuli la supu ya maharage mbele yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye pete ya feruzi na namna ya kumtazama mtu kama aliyekuwa akimsubiri yeye tu.

"Inspekta Tackett. Umempata mwizi wangu?"

"Mheshimiwa, uliweka zuio kwenye muswada wako mwenyewe."

Abeyta aliendelea kula. "Maseneta wengi huweka. Unazuia ili usipitishwe ukiwa umelala."

"Na asubuhi ya siku ile ukaliondoa."

"Sykes amekwambia hivyo?"

"Mzee Sykes hajataja jina la mtu. Nimelisoma bunda. Kifungu chako hakikudondoka, kimetolewa na watu waliokuwa na muda wa kutosha. Bila wewe kunyamaza kisingetoka. Kwa hiyo nakuuliza, walikupa nini?"

Kijiko kilisimama. Watu wa meza za jirani walikuwa wakicheka kuhusu timu fulani ya mpira, na Abeyta alisubiri kicheko kiishe.

"Walinipa sheria," alisema. "Stavenhagen alikuja na majina, nusu ya ukumbi na zaidi. Kifungu kikibaki, kila mmoja wao ataweka zuio lake, kimyakimya, na muswada utaozea pale. Kifungu kikitoka, unapita bila kelele. Kwenye kamera walikuwa wamekipigia makofi, unakumbuka? Mimi nilikaa usiku mzima nikifikiri. Serikali ilipofungwa mara ya mwisho, kule kwetu kuna kliniki ilifunga mlango. Wazee walisimama nje kwenye theluji wakidhani wauguzi wamechelewa tu. Sheria hii inazuia hilo, hata bila kifungu changu. Nilichagua sheria. Nikipewa nafasi nitachagua vilevile."

"Halafu ukasema umeibiwa."

"Mwandishi aliponipigia nilikuwa na dakika ya kujibu. Ningesema nini? Kwamba nimekiuza mwenyewe?"

"Na Pennock?"

"Mimi sikumtaja mtu."

"Hukumtaja. Ulisema yuko mwizi, ukaacha nafasi ya jina wazi. Garrity akaijaza."

Seneta alisukuma bakuli pembeni. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Nikisema leo, Inspekta, magazeti ya kesho yatakuwa na habari moja tu, na Rais hataugusa muswada huu kwa koleo. Ijumaa akisaini, Jumamosi nitaita waandishi niseme kila kitu. Nakuapia."

"Kikao cha Pennock ni kesho."

"Najua ni kesho." Alisugua pete yake. "Nipe mpaka Jumamosi. Mtu mmoja, Inspekta, siku chache tu..."

Hakumaliza. Tackett alisubiri hasira imjie. Aliona mahali ilipopaswa kuwa, akaona hapana kitu, akavaa koti lake akaondoka.

Aliendesha gari hadi Hyattsville, upande wa Maryland, ambako Pennock alikaa katika nyumba ndogo ya matofali yenye ngazi zilizofagiliwa theluji vizuri. Njiani alipanga maneno. Angemwambia Pennock asikubali chochote kesho, aombe kikao kiahirishwe, aombe Abeyta na Stavenhagen waitwe kuhojiwa. Hata wasipokuja, ombi lenyewe lingewatisha. Haikuwa silaha kubwa, lakini ilikuwa silaha.

Pennock alikuwa jikoni akimenya viazi. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyeinama mezani maisha yake yote. Mezani palikuwa na boksi la donati lililoliwa nusu.

"Bwana Garrity alipita mchana," alisema. "Amekuja na hizi. Chukua moja. Mambo yamekwisha, Inspekta. Kesho hakuna kikao."

"Kwa nini hakuna?"

"Nimesaini. Uzembe kazini. Naacha kazi leo, pensheni nabaki nayo, mahakamani hawanipeleki. Amekuwa muungwana sana."

Tackett alikaa. "Kwa nini umesaini, Bwana Pennock?"

"Kwa sababu nilifanya," alisema Pennock, akimshangaa. "Si kwa kusudi. Ninaponakili sisomi, unaelewa? Ukianza kusoma maana, macho yanakimbia mbele, unaruka mistari. Tunafundishwa hivyo, tazama herufi, acha maneno. Miaka yote hiyo sijui hata muswada mmoja ulisema nini. Sasa bunda lilipita kwangu, likatoka bila kifungu. Bwana Garrity ameniuliza: una hakika hukubonyeza kitu? Nimekaa nikafikiri. Sina hakika. Nani ana hakika na kidole chake?"

"Wewe hukubonyeza kitu."

Alimweleza. Hakumtaja Sykes. Alitaja bunda, mahali palipofumwa, simu iliyolia ofisi zote mia na hakuna aliyepiga, zuio lililoondolewa, na mwenye zuio. Pennock alisikiliza huku kiazi kikiwa mkononi, ganda lake refu likining'inia.

"Kwa hiyo bunda lilinifikia likiwa hivyo hivyo," alisema.

"Hivyo hivyo."

"Basi nakala yangu ilikuwa sahihi."

"Ilikuwa sahihi."

Uso wake wote ulifunguka. Alicheka kidogo, akatikisa kichwa, akakata ganda likaanguka kwenye sinki. Tackett hakuwahi kuona mtu aliyefurahi hivyo siku ya kufukuzwa kazi.

"Tunaweza kuifuta saini," alimwambia. "Si rahisi. Utarudi kwenye kikao, na pensheni itakuwa hatarini tena mpaka seneta aseme. Anasema atasema Jumamosi."

"Utamwamini?"

Tackett alifikiri. "Sijui."

Kicheko kiliondoka usoni mwa Pennock polepole. Alitazama mlango wa sebule, ambako redio ilikuwa ikizungumza, akasogea karibu.

"Mke wangu, Nadine, amelia tangu nirudishwe nyumbani," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuwa anaongea nami. Leo mchana nimemwambia, mama, ni kweli, nimekosea, kidole kimeteleza. Akanishika kichwa. Akasema kuteleza si kuanguka. Amenisamehe, Inspekta. Sasa nimwambie nini? Kwamba sikufanya? Kwamba nimetia jina langu kwenye uongo kwa sababu mtu kaja na donati na sauti nzuri, na mimi sikuuliza hata swali moja? Hilo hatalisamehe. Baba yake alikuwa dereva wa treni, alifukuzwa kwa kukataa kusaini kitu kama hicho. Picha yake iko pale sebuleni."

"Bwana Pennock, jina lako ndilo litakalobaki kwenye sheria hii. Sasa hivi watu wanakutaja redioni."

"Nakala ilikuwa sahihi. Mimi nalijua, na wewe unalijua. Inanitosha. Tafadhali."

Mlango ulisukumwa. Nadine Pennock aliingia na kikombe cha kahawa, mwanamke mnene mwenye macho yaliyovimba na nywele alizochana upya, na alipopita nyuma ya mumewe alimgusa bega bila kufikiri. Aliweka kikombe mbele ya mgeni.

"Inspekta, umetoka mbali na barabara hii mbaya," alisema. "Kuna jipya?"

Orville Pennock aliinamia viazi vyake. Kisu kilisimama.

Tackett alikuwa na kila kitu kinywani, kimepangwa kama alivyokipanga njiani, na mwanamke yule alisimama palepale akisubiri, mkono wake ukiwa bado begani mwa mumewe.

"Hakuna," alisema Verna Tackett, akaivuta kahawa karibu.